Waliopakiwa Kwenye Lori la Mbuzi

Nianze na kosa langu, kwa sababu nikianza na lao nitajificha nyuma yake. Ile orodha niliiandika mimi. Niliipanga kwa jedwali, nikaichapisha kwenye karatasi nzito, nikaitia ndani ya faili ya plastiki isije ikakunjika, kisha nikaipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyabiashara hapa Emali. Aliigeuza, akaitazama tena, akasema, "Hii ni kazi ya mtu wa digrii." Nilirudi dukani nimejaa furaha hadi nikasahau kula chakula cha mchana.

Sina digrii. Niliishia kidato cha nne, na tangu hapo nimejifundisha kila ninachokijua. Kompyuta nilijifundisha usiku katika duka la shangazi, ambako hadi leo tunachapisha barua za kuomba kazi na programu za mazishi. Habari za magonjwa ya akili nilizisoma kwenye simu, na kwenye vijitabu vya kliniki ambavyo wengine hufungia karanga. Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama kufuli limefungwa. Nikikosea herufi moja, naipasua karatasi nzima. Siku moja nesi wetu aliniambia kwamba hofu yangu nayo ina jina, na ina dawa. Nilicheka mbele yake, halafu nikaenda kulia chooni.

Tulikuwa watatu katika kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa akili na walevi wanaolala barabarani. Nesi, mwanamke wa kutoka Kitui, aliyefanya kazi katika kituo cha afya na kila Alhamisi akipewa ruhusa ya kutoka na mkoba wake wa dawa. Wa pili alikuwa mwanamume aliyewahi kuwa taniboi, yaani utingo, kwenye malori ya Mombasa. Alikunywa chang'aa hadi akawa analala chini ya malori yale yale aliyokuwa akiyapakia. Sasa alikuwa na miaka mitatu bila kuonja tone. Na mimi, karani. Hivyo ndivyo taniboi alivyokuwa akiniita, kwa dhihaka, kwa sababu sikuweza kwenda popote bila kalamu mbili, ya pili ikiwa ni akiba.

Taniboi ndiye aliyenifundisha kumkaribia mtu wa barabarani. Usimsimamie mtu aliyekaa. Chuchumaa mbali kidogo, salimia, ngoja. Asipojibu, ngoja tena. Usiguse mzigo wake hata kama unanuka, maana huo ndio nyumba yake.

"Karani, unaandika kabla hajasema," aliniambia siku ya kwanza.

"Naandika tarehe."

"Tarehe haitakimbia. Yeye atakimbia."

Wagonjwa wetu walikuwa saba. Wengine ni wa pombe na muguka, yale majani ya kulevya yanayotafunwa, wengine wa sauti zinazowasemesha mchana kutwa, wengine wa vyote viwili. Sitawasimulia wote. Nitamsimulia mmoja, mama aliyekaa kando ya stesheni ya reli, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu kabisa kurudi kwao.

Zamani alikuwa fundi wa nguo. Hakutuambia hilo, vidole vyake ndivyo vilivyotuambia. Ukichuchumaa karibu naye, alikuwa akishika pindo la nguo yako, akilipapasa kutafuta mshono, na akiukuta umeshonwa ovyo, anasonya. Majuma ya kwanza alitupiga kwa mawe. Nesi aliendelea kuja. Siku moja mama yule akaukubali mkono wa nesi, akapata sindano, ile inayodungwa mara moja kwa mwezi ili mgonjwa asihangaike na vidonge kila siku. Baada ya sindano ya nne akasema anatoka upande wa Kathonzweni na ana kaka.

Taniboi akaenda kumtafuta huyo kaka. Alimpata shambani akivuna ndengu. Mara ya kwanza alifukuzwa. Dada yule, alipokuwa mgonjwa sana, alikuwa ameichoma ghala ya kaka yake na kumpiga wifi yake kwa mwiko hadi akamvunja jino, na watu hawakuwa wamesahau. Mara ya pili taniboi alipewa maji. Mara ya tatu kaka akasema, "Nitakuja Jumatano. Nikimkuta ametulia, nitarudi naye."

Ili awe ametulia Jumatano, alihitaji sindano Alhamisi iliyotangulia. Ni hilo tu. Mambo mengine yote tulikuwa tumeshayafanya.

Majuma mawili kabla ya hapo, mwenyekiti alikuwa amekuja dukani kuchapisha matangazo ya krusedi. Ni mzee wa kanisa, ana duka la vifaa vya ujenzi, na sauti yake ni ya upole. Mkutano ungekuwa wa siku tatu, na mhubiri angetoka mbali. Kwenye bango, ambalo nililipanga mimi mwenyewe, palikuwa na maneno makubwa yakiahidi kufunguliwa kwa waliofungwa na pombe, dawa za kulevya na wazimu.

"Nasikia nyinyi mnawajua hawa watu wetu wa barabarani," alisema. "Tungependa kuwafikia. Unaweza kutupa orodha?"

Kuwafikia. Nililipokea neno hilo kama zawadi. Sikuuliza kuwafikia kwa nini. Nilichouliza ni kama anataka karatasi ya kulala au ya kusimama.

Nilikuwa na daftari langu, na ndani yake nilikuwa nimeandika kila kitu, vizuri kupita kiasi. Mahali anapolala. Saa anazopatikana. Kinachomwogofya. Kinachomtuliza. Penye mstari wa mama wa stesheni niliandika kwamba saa kumi na mbili asubuhi huwa amekaa kwenye ngazi za jukwaa, kwamba anaogopa kelele za vyuma, na kwamba ukimwonyesha kitambaa kipya atakufuata. Nilichapisha, nikaona safu moja imesogea pembeni kidogo, nikarudia kuchapisha. Nesi alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba habari za mgonjwa hazitoki kwetu. Nilikumbuka. Nilijiambia kwamba mzee wa kanisa hayumo katika wale aliowamaanisha.

Alhamisi ile tulifika stesheni asubuhi. Ngazi zilikuwa tupu. Katoni yake ilikuwepo, na kandambili moja. Tukaenda nyuma ya soko alikokuwa akilala mlevi mmoja mzee. Hayupo. Tukaenda kwenye kibanda cha kuziba magurudumu. Hayupo. Kufikia mtu wa nne nilikuwa nimerudisha kalamu mfukoni.

Mwanamke anayeuza chai kando ya reli ndiye aliyetuambia.

"Walipakiwa jana asubuhi. Hamkujua? Mimi nilidhani ni nyinyi."

"Kwa nini ulidhani ni sisi?" nesi aliuliza.

"Si walikuwa na karatasi? Walikuwa wakisoma. Huyu mama walimwonyesha leso mpya, akawafuata kama kondoo mpaka kwenye lori. Walipofunga ule mlango wa nyuma wa chuma, alipiga kelele, wee! Sijawahi kusikia mtu akipiga kelele hivyo."

Nesi alinigeukia. Yeye si mtu wa kupaza sauti.

"Ulimpa nani nakala?"

Nikamwambia. Nikaanza kueleza habari ya bango, na ya kuwafikia, na kwamba nilidhani.

"Hukudhani," alisema. "Ulitaka kusifiwa."

Nikaanza kulia.

"Utalia baadaye. Tafuta waliwapeleka wapi."

Nilikwenda uwanjani mbio. Hema lilikuwa linasimamishwa, viti vya plastiki vinashushwa, mtu anajaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili. Mwenyekiti alikuwa katikati ya wanaume watano au sita, akionyesha kwa fimbo ndogo mahali pa kuweka jenereta.

"Mwiitu wakwa!" alisema aliponiona, yaani binti yangu, jinsi wazee wetu wanavyosema. "Njoo uone uwanja. Umependeza, sivyo?"

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Wagonjwa wetu."

"Ah, wale." Alishusha fimbo. "Wale tumewapumzisha kidogo. Kulikuwa na lori la mbuzi linaenda tupu mnadani Ikutha. Tukaona lisiende bure."

Nakumbuka nilivyosimama pale nikilipima lile neno, "tupu". Lori lilikwenda tupu, likiwa na watu saba ndani.

"Mmewatupa Ikutha?"

"Nani ametupa? Kule kuna hewa nzuri, kuna nafasi. Hapa tunapokea wageni. Mgeni ashuke kwenye gari apokewe na mtu aliye uchi?"

"Lakini mkutano ni wa kuwaombea wao! Mimi ndiye niliyechapisha bango. Mmeandika wazimu, mmeandika pombe."

"Na tutawaombea."

"Mtawaombea wakiwa Ikutha?"

"Kwani Mungu wa Emali si ndiye wa Ikutha?"

Wanaume wale walicheka. Mmoja akaongeza, "Mtandao wa Mungu haukatiki, dada," wakacheka tena. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu tu. Kisha akaniwekea mkono begani, na akasema jambo ambalo bado linaniamsha usingizini.

"Na asante sana kwa ile karatasi. Bila hiyo vijana wangehangaika siku nzima. Walimaliza kabla ya chai."

Nimejaribu tangu siku hiyo kuandika nilichomjibu, na kila nikiandika najikuta namwongezea maneno makali ambayo sikuyasema. Ukweli ni kwamba niliutoa mkono wake begani na kuondoka. Maneno yalikuja baadaye, jikoni, mbele ya masufuria.

Sikuzaliwa nikiwachukia watu wa kanisa. Nimelelewa ndani yake. Shangazi yangu huimba kwaya. Ndiyo maana hasira hii hainitoki. Mtu asiyeamini lolote akimpakia mgonjwa kwenye lori la mifugo, nitamwita katili basi. Lakini hawa walipakia, wakanawa mikono, wakaenda kufunga na kuomba ili Roho ashuke. Walimwondoa kila mtu ambaye Roho angeshuka kwa ajili yake, wakabaki na viti.

Ijumaa asubuhi tulikuwa njiani. Taniboi aliomba gari la rafiki yake, pikapu kuukuu. Tukashika barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, tukakata kushoto, tukavuka mto Athi. Nilikaa nyuma peke yangu. Sikuwa nastahili kukaa nao mbele, na niliona afadhali.

Ikutha ilikuwa imetulia baada ya mnada. Uwanja wa mifugo ulikuwa na kinyesi kibichi na vumbi. Kando yake mama mmoja aliuza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe katika sufuria kubwa. Taniboi alimsalimia kwa heshima, akamwita mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake, akamwuliza kama ameona wageni wasiojiweza.

"Nyinyi ni wa wapi?"

"Emali, mwaitu."

Aliweka kijiko chini.

"Watu wa barabara kubwa! Nyinyi ndio mmetutupia binadamu kama maganda ya ndizi? Sisi Ikutha ni jaa lenu? Mlifungua lango mkawasukuma, mkapakia mbuzi, mkaenda. Mbuzi mliwahesabu vizuri! Hata maji hamkuwapa. Mimi nimewalisha tangu juzi. Mwenye sufuria moja, analisha wazimu wa kaunti nzima!"

"Pole, mama," nesi alisema.

"Usinipe pole. Wape maji."

Sikuwahi kupenda kukaripiwa kama nilivyopenda siku ile. Angalau mtu mmoja duniani alikuwa na hasira ya saizi yake.

Tuliwapata watano kati ya saba. Mlevi mzee alikuwa amekaa kwenye kivuli cha duka, akitetemeka kwa kukosa pombe ghafla. Nesi alimpeleka moja kwa moja kwenye zahanati, akasema siku moja zaidi ingemuua. Wawili hatukuwaona. Mmoja wao, kijana wa muguka, tulisikia baadaye alionekana akitembea kuelekea Mutomo. Wa pili hadi leo sijui. Naandika sijui, na mkono wangu unataka kuandika neno lingine lolote.

Mama wa stesheni alikuwa nyuma ya uwanja, chini ya ile ngazi ya saruji ambayo mbuzi hupandia lori. Midomo ilikuwa imepasuka. Kinyesi cha mbuzi kilikuwa kimekaukia kwenye sketi yake. Taniboi alichuchumaa mbali, akasalimia, akangoja. Nesi alichuchumaa nyuma yake. Mimi nilipochuchumaa, mama alininyoshea kidole.

"Huyu ndiye wa karatasi."

"Ndiyo," nilisema. "Ni mimi."

"Walisoma jina langu. Walijua napenda nini. Nani aliwaambia napenda nini?"

"Mimi niliandika. Nimekosa, mama. Nisamehe."

Akamgeukia nesi. Nilirudi nyuma hadi kwenye uzio nikasimama huko. Ilichukua zaidi ya saa moja. Nesi hakumshika, hakumharakisha, hakumwahidi chochote. Alikaa kwenye kinyesi na sare yake nyeupe. Mwishowe mama akautoa mkono wake, akapata sindano, kwa kuchelewa siku moja.

Halafu tukajua ni nini hasa walichomfanyia. Taniboi alileta pikapu karibu, akashuka kufungua mlango wa nyuma. Mlango ulipogonga chuma, mama alitoka pale chini mbio, akaenda kukaa katikati ya uwanja, mikono masikioni. Tulijaribu mlango wa mbele. Tulijaribu gari likiwa limezimwa. Tulijaribu pikipiki. Hakuwa na fujo, hakutukana. Alikataa tu, na kila tulipomkaribia akiwa karibu na gari, alijikojolea.

Jioni nilimpigia kaka yake. Hii haikuwa kazi yangu, lakini niliiomba. Nilimweleza yote, pamoja na karatasi. Nikasikia kuku upande wake wa simu.

"Mke wangu amekandika chumba," alisema. "Yeye aliyevunjwa jino ndiye amekandika. Tulikuwa tumejitayarisha kwa Jumatano. Na nyinyi mmempeleka mnadani?"

"Si sisi tuliom—"

Nikanyamaza. "Ndiyo," nikasema.

"Nakuja kesho."

Alifika Jumamosi kwa pikipiki, mwanamume mwembamba wa makamo mwenye koti la Jumapili. Tulikuwa tumelala kwa mama wa muthokoi, na dada yake alikuwa ameoga na kupewa sketi nyingine. Hakuna aliyewatambulisha. Alikaa chini, mbele yake.

"Umezeeka," dada alisema.

"Na wewe."

"Mama yupo?"

"Alitutoka. Mwaka wa ukame."

Dada alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akasema, "Twende. Lakini mimi sipandi kitu."

Tulimweleza kaka habari ya gari. Taniboi akapendekeza nesi ampe dawa ya usingizi, tumbebe. Nesi akakataa kabla hajamaliza: "Alipakiwa mara moja bila kutaka. Sitampakia mara ya pili." Wakabishana. Mama wa muthokoi akasema abaki kwake hata mwezi, hana neno. Kaka alisikiliza wote, akachora mstari kwenye mchanga kwa kijiti.

"Ng'ombe walikuwa wakitoka huku kwa miguu mpaka Emali," alisema. "Sisi tutashindwa?"

"Jua hili?" nesi aliuliza.

"Tutatembea mpaka nyumbani, asubuhi na jioni. Mchana tutalala kwa watu. Nina jamaa ng'ambo ya mto. Siku nne, siku tano. Nilimwacha miaka tisa, siku tano ni nini?"

Ikaamuliwa hivyo. Taniboi angewafuata kwa pikipiki ya kaka, ikiwa imezimwa kila awakaribiapo, akiwabebea maji. Nesi angerudi na pikapu pamoja na wale wanne. Mimi niliomba kutembea nao. Hakuna aliyeniambia ndiyo, hakuna aliyeniambia la.

Jumapili alfajiri tuliondoka. Kule Emali ilikuwa siku ya mwisho ya krusedi. Shangazi alinitumia video, na kabla sijaifunga nilimwona mwenyekiti jukwaani, macho amefumba, mkono mmoja juu, na sauti ya mhubiri ikiamuru pepo wa wazimu watoke katika mji ule. Walikuwa wameshatolewa. Mmoja wao alikuwa hapa nami, kwenye ukingo wa lami, akitembea kwa miguu. Niliangalia ile njia, vichaka vikavu pande zote, lori moja moja likipita na mama akiingia kichakani kila mara hadi mlio uishe, na nikajua kwamba kila hatua ya njia ile ilikuwa imeandikwa na mimi, na kwamba kule jukwaani hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua kwamba kuna mtu anatembea.

Nilikuwa natembea nyuma yao. Nilidhani huko ndiko mahali pa mkosaji. Tulipopumzika mara ya kwanza, mama alimnong'oneza kaka yake, na kaka akatazama chini. Basi mama akaniambia mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aninyoshee kidole.

"Wewe usitembee nyuma yangu."

"Sawa, mama."

"Tembea mbele. Nikuone."

Nikapita, nikatangulia.